Gemu ya Bei Kamili: Machalii wa Chuga Walishapiga Hesabu Zamani

Kila gemu mpya ikitoka, swali ni lile lile: ninunue sasa hivi kwa bei kamili au nivute subira? Wadau, hapa Arusha swali hilo lina historia, na jibu lake lilianzia kwenye mabanda ya gemu.

Sony ilitoa PlayStation 2 mwaka 2000, ikaja kuuza mashine zaidi ya milioni 150 duniani. Kwenye mitaa kama Ngarenaro, Unga Limited na Kaloleni, wengi waliikuta bandani: TV ya chogo, benchi la mbao, pedi mbili na machalii wamejipanga. Gemu zilikuwa PES, FIFA na GTA San Andreas ya 2004. Unalipia mechi au dakika, ukifungwa unampisha mwenzako.

Bei ya gemu yenyewe hakuna aliyeiwazia. Mashine nyingi zilikuwa zimechipiwa na CD ni za kuchoma. Tusijidanganye, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ilikuwepo tayari, na huo ulikuwa wizi wa jasho la mtu. Ila banda lilitufundisha kitu kimoja cha halali kabisa: gharama ikigawanywa kwa watu wengi, haiumi.

PS4 ilipotoka 2013, ujanja wa CD ya kuchoma ukagoma. CD orijino ikawa mali. Unaicheza, ukiimaliza unabadilishana na mshikaji wa Kijenge au unamuuzia mtu wa Tengeru, hela yako inarudi kiasi. Bei kamili ilikuwa kubwa, lakini haikupotea yote.

Sasa njoo kwenye PS5 ya 2020. Gemu kubwa zilipanda kutoka dola 60 hadi 70. Tukichukua dola moja kwa Sh 2,500, hiyo ni Sh 175,000. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilichotangazwa Mei Mosi 2025 ni Sh 500,000 kwa mwezi. Yaani gemu moja inakula zaidi ya theluthi ya mshahara! Na mwaka huo huo wa 2020 ikaja PS5 isiyo na sehemu ya CD. Gemu ya kupakua huwezi kuiuza wala kubadilishana. Ukiichoka, imekufa na hela yako.

Na anayesubiri anakosa nini? GTA V ilitoka 2013 kwa PS3, ikarudi 2014 kwa PS4, kisha 2022 kwa PS5. Aliyechelewa alikuta stori ile ile, muonekano bora zaidi. Gemu za mpira ndiyo kabisa: kila mwaka toleo jipya, la zamani linashuka thamani. PES yenyewe iligeuzwa eFootball mwaka 2021, ikawa ya bure.

Kwa hiyo mwenye banda akinunua FC mpya kwa bei kamili, sawa, ile ni mtaji, mechi zitairudisha. Wewe unayecheza peke yako geto, subiri ishuke, au nunua CD utakayoiuza. Kama mko wanne mnaokutana kila wikendi, changeni. Sh 175,000 kwa wanne haifiki hata Sh 44,000 kila mtu.

Kabla hujatuma hela, hesabu kwanza ni watu wangapi watashika pedi.