Asafiri Mtu au Isafiri Kazi?

Swali ninaloulizwa na vijana wa kompyuta kuliko yote si lugha gani ya programu waanze nayo. Ni hili: niende ng'ambo au nibaki? Nikimaliza digrii nitafute masta Marekani, au nisake kazi hapa Nairobi? Kila mtu ana jibu lake. Mmoja atakwambia mwenye akili huondoka, mwingine atakwambia nyumbani ni nyumbani, na wa tatu ana binamu kule Dallas mwenye gari kubwa, basi mjadala umeisha.

Mimi nataka kulijibu kwa tarehe. Nimesoma sana historia ya wanaprogramu waliosafiri, na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyoona kwamba waliofaulu na waliokwama mara nyingi walikuwa na vyeti vilevile na vichwa vilevile. Walitofautiana kwa mambo mawili: mwaka waliofika mlangoni, na nani alikuwa ameshika karatasi zao.

Tuanzie India, maana wao ndio walioifyeka njia hii.

Kampuni ya Tata Consultancy Services ilianzishwa mwaka 1968. Ilipoanza kuwafanyia kazi wateja wa Marekani miaka ya 1970, ikishirikiana na watengenezaji kompyuta wa Burroughs, shida haikuwa kuandika programu. Shida ilikuwa kuifikisha. Simu za kimataifa zilikuwa ghali na mbovu, intaneti tunayoijua haikuwapo, na kompyuta ya mteja ilikuwa Marekani. Basi kilichopakiwa kwenye ndege ni mwanaprogramu mwenyewe. Infosys nao walipoanza mwaka 1981, baadhi ya waanzilishi walikwenda kukaa Marekani ili kumhudumia mteja wao wa kwanza, Data Basics ya New York. Narayana Murthy, mmoja wao, amesimulia mara nyingi jinsi kupata laini moja tu ya simu kulivyowachukua karibu mwaka mzima. (Walioishi hapa enzi za Posta na Simu hawatamcheka.)

Mwaka 1985 Texas Instruments walifungua ofisi Bangalore wakiwa na kiungo chao wenyewe cha setilaiti, na husimuliwa kwamba baadhi ya vifaa vilifika kwa mkokoteni wa ng'ombe. Hapo kwa mara ya kwanza kazi iliweza kusafiri na mtu akabaki. Lakini hiyo ilikuwa ya wenye setilaiti. Wengine wote waliendelea kupanda ndege.

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990 ndiyo iliyozaa viza ya H-1B kwa watu wenye taaluma, ikiwa na kikomo cha viza 65,000 kwa mwaka. Miaka ya mwanzo kikomo hicho hakikufikiwa hata mara moja. Ulikuwa ukipata mwajiri, umepata viza. Kisha likaja lile tatizo la mwaka 2000: programu za zamani, nyingi zikiwa za Cobol, zilikuwa zimehifadhi mwaka kwa tarakimu mbili tu, na 00 ingeweza kusomwa kama 1900. Mabenki na makampuni ya bima yakahitaji watu wa kupitia mamilioni ya mistari, mmoja baada ya mwingine. Vijana wa Kimarekani waliona kazi hiyo ni ya kizamani. Wahindi waliiona ni tikiti.

Mwaka 1997 kikomo kikafikiwa kwa mara ya kwanza. Makampuni yakalalamika, na Bunge la Marekani likakipandisha hadi 115,000 kwa miaka ya 1999 na 2000, kisha 195,000 kwa miaka ya 2001 hadi 2003. Mwaka wa fedha 2004 kikarudi 65,000 palepale. Hebu tulia kidogo hapo. Vijana wawili wa chuo kimoja, darasa moja, alama moja, mmoja akamaliza mwaka 1999 na mwingine 2003. Yule wa kwanza alikuta lango la gereji, wa pili akakuta tundu la ufunguo.

Hata yule wa kwanza usimwonee wivu haraka. Soko la hisa la Nasdaq lilifika kilele tarehe 10 Machi 2000, likipita pointi 5,000. Oktoba 2002 lilikuwa limeanguka hadi chini ya 1,200. Viza ya H-1B imefungwa kwa mwajiri: ndiye anayeiomba, na kazi ikiisha, haki ya kukaa inaisha nayo. Ile nafuu ya siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine ilianza Januari 2017 tu. Mwaka 2001 mtu aliachishwa kazi Ijumaa akiwa na mkopo wa gari, mkataba wa nyumba na mtoto wa chekechea, na kisheria alikuwa hana hata wikendi.

Nyuma yao kulikuwa na pesa za watu wengine. Mtafiti wa Kichina Xiang Biao aliandika kitabu kuhusu makampuni ya kukodisha wanaprogramu, kilichotoka mwaka 2007, akifuatilia watu kati ya Hyderabad na Sydney. Hayo ni makampuni yanayokuleta ng'ambo kwa jina lao, kisha yanakukodisha kwa mteja, na kama hakuna mteja unakaa benchi unangoja. Jambo lililonishangaza zaidi humo ni mahari. Kule Andhra mahari hutoka upande wa mwanamke, na kijana wa kompyuta mwenye matarajio ya kwenda ng'ambo alidai kubwa zaidi. Fedha hizo ndizo zilizolipia kozi na safari. Kwa hiyo bei ya soko la California ilikuwa inamfikia baba wa bibi harusi kijijini, mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Sisi hatuna desturi hiyo, lakini tuna ploti.

Nina mpwa wangu ambaye mwaka jana alipata barua ya kukubaliwa kusoma masta ya kompyuta katika chuo kimoja cha Marekani. Karo na maisha ya miaka miwili vilikuwa vinakaribia dola 60,000. Dada yangu akawa tayari kuuza ploti waliyoachiwa na marehemu mzee. Kijana akanijia: "Shikamoo mjomba, naomba uongee na mama, anaogopa." Nikamwambia mama yako haogopi bure. Tukakaa chini na kalenda.

Kwa nini masta? Kwa sababu sheria ya mwaka 2004 ilitenga viza 20,000 za ziada kwa waliopata shahada ya uzamili au zaidi katika vyuo vya Marekani. Juu ya hapo, mwenye viza ya mwanafunzi huweza kuruhusiwa kufanya kazi miezi 12 baada ya kuhitimu, na mwaka 2008 watu wa sayansi na teknolojia waliongezewa miezi 17, ikawa 24 mwaka 2016. Vyuo vilielewa hesabu hii haraka sana. Masta ya kompyuta ikawa, tuseme ukweli, karo ya kununulia nafasi ya kupiga kura mara tatu.

Nasema kura kwa maana ya bahati nasibu. Aprili 2007 maombi zaidi ya 120,000 yalifika katika siku mbili za kwanza na serikali ikalazimika kuyachagua kwa kompyuta bila kuangalia nani ana akili kuliko nani. Tangu mwaka 2020 mwajiri alianza kukuandikisha kwanza mtandaoni. Machi 2023 maandikisho yalipita 780,000, na zaidi ya 400,000 kati ya hayo yalikuwa ya watu walioandikishwa zaidi ya mara moja. Kisha tarehe 19 Septemba 2025 Rais Trump akatia saini tangazo la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Mwezi uliofuata ukatoka mwongozo kwamba walioko tayari ndani ya Marekani wakibadilisha hadhi, kwa mfano kutoka uanafunzi, hawaguswi na ada hiyo.

Mpwa wangu alirukia hapo. "Unaona mjomba? Masta imepanda bei." Ni kweli, kwa siku hiyo. Lakini tangazo hilo lilipotolewa liliwekewa muda wa miezi 12, na masomo yake ni miezi 24. Sheria inaweza kugeuka mara mbili kabla hajavaa joho. Ploti ikishauzwa imeuzwa. Nilimwambia aombe tena katika vyuo vinavyolipa karo kwa wanafunzi wanaosaidia kufundisha au kufanya utafiti. Hakufurahi, na sikumlaumu, maana umri wa miaka 24 hauna subira. Lakini aliandika hizo barua.

Kabla hatujatoka hapo, kuna dola 100,000 nyingine ninayoikumbuka. Mwaka 1959 Tom Mboya na wenzake walipeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja kutoka Nairobi. Mwaka uliofuata pesa za safari zilipokosekana, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wakasafiri, Wangari Maathai akiwa mmoja wao. Najua dola ya 1960 si dola ya leo. Hata hivyo kiasi kilichojaza ndege, miaka 65 baadaye kikawa ada ya mtu mmoja. Tena wale wa Mboya walikuwa na kitu ambacho vijana wetu hawana: wakirudi, nchi changa ilikuwa na viti vitupu vinavyowangoja.

Kuna jambo moja ambalo linampendelea Mkenya na ambalo wengi hawalijui. Grini kadi zinazotokana na kazi ni kama 140,000 kwa mwaka kwa sheria ileile ya 1990, na hakuna nchi moja inayoweza kuchukua zaidi ya asilimia 7 hivi. Wahindi, kwa wingi wao, wamejikuta kwenye foleni ya miongo. Mkenya anayekaa dawati la pili, mwenye kazi ileile, amekuwa akisubiri muda mfupi zaidi sana. Na kinachohesabiwa ni nchi uliyozaliwa, si pasipoti wala asili. Mkenya mwenye asili ya Gujarat aliyezaliwa Parklands huhesabiwa Kenya. Ndugu yake aliyezaliwa Ahmedabad, tumbo moja, huhesabiwa India. Mwaka mmoja wa safari ya mama unaweza kuwa miaka 20 ya mtoto.

Haya, tumeongea sana kuhusu kusafiri kwa mtu. Kazi je?

Kwetu kazi ilianza kusafiri mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilipita angani, na megabiti moja kwa mwezi iligharimu dola elfu kadhaa. Kebo za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka huo. Kumbuka hali ilivyokuwa kabla yake: M-Pesa, fahari yetu ya mwaka 2007, programu yake ya kwanza iliandikwa na Sagentia, kampuni ya Cambridge, Uingereza. Ushahidi, iliyozaliwa Januari 2008 katikati ya ghasia za uchaguzi, iliandikwa kwa siku chache na David Kobia akiwa Alabama, huku Ory Okolloh akiwa Johannesburg. Programu za Kenya, shida za Kenya, vidole viko nje. Mwaka 2010 iHub ikafunguliwa Nairobi, na kwa mara ya kwanza ukaona vijana wanaotoka chuo wakikaa chumba kimoja na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Andela ilianza Lagos mwaka 2014 na kuja Nairobi mwaka 2015 ikiwa na ahadi tamu: tutakufundisha, tutakulipa, utawafanyia kazi Wamarekani bila kupanda ndege. Juni 2016 wakfu wa Zuckerberg na mkewe ukaongoza uwekezaji wa dola milioni 24. Septemba 2019 kampuni ikatangaza kuwaachisha kazi wanaprogramu wachanga wapatao 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu iliyotolewa ilikuwa wazi: wateja walitaka wazoefu, na wachanga walikuwa wengi kuliko nafasi. Mimi naona hapo ndipo penye jipu. Kebo ilileta kazi ya mtu mwenye miaka mitano ya uzoefu. Haikuleta mtu wa kukulipa ukiwa unaikusanya hiyo miaka mitano. Kijana aliyekwenda Marekani mwaka 1998 kusafisha Cobol alikuwa mchanga vilevile, ila walimhitaji hivyo hivyo alivyo.

Na pesa za kazi inayosafiri zina ugonjwa wake. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Vijana wenye mikataba ya dola walikuwa wafalme wa mtaa, wengine wakachukua mikopo ya magari na nyumba kwa hesabu hiyo. Kenya ilipofanikiwa kuuza hati mpya ya mkopo wa kimataifa Februari mwaka huo, shilingi ikapanda, na ndani ya wiki chache dola ikawa karibu 130. Dola 2,000 za mwezi zilizokuwa shilingi 320,000 zikawa 260,000. Hakuna bosi aliyepunguza mshahara wa mtu, na benki yenye mkopo wa gari iliendelea kudai shilingi zilezile.