Unyenyekevu Katika Maisha ya Pamoja: Urithi wa Walimu Wetu wa Kwanza

Tunapomshukuru Mungu aliyetufikisha miaka 100, yatupasa kujiuliza ni nini kilichoushikilia usharika huu siku ambazo haukuwa na jengo la mawe, wala kengele, wala mchungaji wake wa kudumu. Jibu langu ni hili: ulishikiliwa na watu waliokubali kuwa wadogo.

Injili ililetwa kwetu Kilimanjaro na Misheni ya Leipzig. Kituo cha kwanza kilianzishwa Nkwarungo, Machame, mwaka 1893. Mamba ikafuata mwaka 1894, na Kidia, Old Moshi, mwaka 1896. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Kiingereza iliwaondoa wamisionari hao wa Kijerumani, na kufikia mwaka 1920 sharika zilibaki mikononi mwa walimu wenyeji na wazee wa Kanisa. Kazi haikufa. Walihubiri, walifundisha watoto na wakatekumeni, walizika wafu na kuwapatanisha waliokosana. Ndugu Walutheri kutoka Marekani walikuja kusaidia katika miaka hiyo ya 1920, lakini wachungaji walikuwa wachache na mlima ni mpana.

Tuitafakari hali ya walimu wale. Walibeba mzigo wa uchungaji bila kuitwa wachungaji. Walikusanya kundi Jumapili kwa Jumapili, lakini Meza ya Bwana ilimngoja mchungaji apite. Wamisionari wa Leipzig walipoanza kurejea kuanzia mwaka 1925, walimu walirudi tena katika nafasi ya wasaidizi. Wachagga wa kwanza walibarikiwa kuwa wachungaji mwaka 1934, yaani miaka 14 baada ya mwaka 1920. Sisemi kwamba hakuna aliyeumia moyoni, maana walikuwa wanadamu. Wala unyenyekevu wao si udhuru kwa waliochelewa kuwaamini. Nasema tu kwamba kundi halikuachwa. Ndiyo shina la yale yaliyofuata: mwaka 1963, Makanisa saba yalipoungana kuwa KKKT, Mkuu wake wa kwanza alikuwa Stefano Moshi, mtoto wa mlima huu, ambaye naye aliwahi kuwa mwalimu.

Unyenyekevu huo haukuwa mgeni kabisa kwa wazee wetu. Mtu aliyemkosea jirani alimpelekea jani la isale kuomba msamaha, hata kama yeye ndiye mwenye umri au mali zaidi. Mfongo nao ulisafishwa kwa msaragambo, kwa kuwa maji yakizibwa juu, wa chini hukauka. Injili iliikuta desturi hiyo na kuipa kina, ikituonyesha Bwana mwenyewe akiinama kuosha miguu ya wanafunzi wake.

Naungama kwamba mimi nilichelewa kujifunza. Nikiwa mchungaji kijana, chuo kikiwa bado kichwani, nilifika kwenye msaragambo wa kuchimba msingi wa nyumba ya mwinjilisti. Nilisimama kando nikitoa maelekezo. Mama mmoja mjane alikuja akanikabidhi jembe lake pasipo kusema neno, naye akajitwika karai la udongo. Niliona haya, nikachimba. Mlango wa 13 wa Yohana niliusoma darasani kwa Kiyunani. Siku ile niliusoma kwa mikono.

Leo usharika una jengo zuri, kwaya kadhaa na wasomi wengi. Hizo ni baraka, lakini zina mtego wake. Tumezoea kutangaza majina ya watoao mamilioni na kuwatengea viti vya mbele, huku mama aliyeleta mayai matatu kwenye mnada baada ya ibada akiondoka bila hata kusalimiwa. Wako pia ndugu wanaoshiriki Meza moja lakini hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa kihamba. Tukiingia karne ya pili hivyo, tutakuwa tumerithi majengo na kuuacha urithi wenyewe.

Kwa hiyo nawasihi, wapendwa: kabla shamrashamra za Jubilei hazijaisha, kila mmoja na aende kwa yule aliyemkosea, kama wazee walivyokwenda na isale. Na sisi wachungaji tutangulie. Bwana, aliyejinyenyekeza kwa ajili yetu, atujalie neema hiyo. Amina.