Kinachopandikizwa si mimba

Magazeti yamezoea kuandika "upandikizaji mimba", na redio zimelipokea jina hilo kama lilivyo. Linatamkika vizuri. Kule Hirbadaw, upande wa Mbulu na Hanang, mke akikaa miaka mitatu bila kushika mimba, ndugu humwambia kwamba siku hizi mimba zinapandikizwa Dar es Salaam. Wanamtakia mema. Lakini jina hilo lina ahadi lisiyoweza kuitimiza, na limemwacha mume nje ya mlango.

Itazame kazi yenyewe. Mwanamke huchomwa sindano za homoni kwa siku 10 hadi 14 hivi ili mayai kadhaa yapevuke kwa pamoja. Daktari huyavuta kwa sindano ndefu inayopitishwa ukeni, akiongozwa na picha ya ultrasaundi. Mume naye hutoa mbegu. Mbegu na yai hukutanishwa maabara, na mbegu zikiwa chache au dhaifu, mtaalamu huchagua moja akaidunga ndani ya yai. Baada ya siku 3 au 5 hupatikana kiinitete, kipunje ambacho bila hadubini hukioni sawasawa. Hicho ndicho huwekwa katika mji wa mimba kwa mrija mwembamba, kisha watu wakangoja kama wiki mbili. Kikijishikiza, mimba ipo. Kisipojishikiza, hakuna mimba, na hakuna aliyekosea. Hata Ulaya, kwa wanawake wa chini ya miaka 35, zaidi ya nusu ya viinitete vinavyowekwa havizai mtoto. Na umri ukipita 40, matumaini hupungua sana.

Kiswahili kina kitenzi chake tangu zamani: mimba hutunga. Ndiyo maana naona "utungishaji nje ya mwili" ni istilahi bora. Ni ndefu kidogo, lakini inasema ukweli: kinachofanyika nje ni kulitungisha yai, yaani kuliunganisha na mbegu, na mimba yenyewe hutunga ndani au isitunge. Ndivyo alivyopatikana Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hii, Uingereza mwaka 1978, na ndivyo walivyopatikana watoto wa kwanza wa Nairobi mwaka 2006.

Kwa wafugaji wa Hanang kuna mkanganyiko mwingine. Wao wanajua kupandisha ng'ombe, na wengi wanajua uhimilishaji, yaani kumtia jike mbegu bila dume kumpanda, maana mbegu za madume bora hutoka kituo cha taifa cha Usa River, karibu na Arusha. Mtu wa namna hiyo akisikia "kupandikiza", haraka hufikiria mbegu ya dume mwingine. Nadhani hofu ya wanaume wengi inaanzia hapo. Waambiwe wazi: mbegu ni ya mume mwenyewe, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine.

Jina linalokumbusha kwamba yai huungana na mbegu ya mume humpeleka naye hospitalini. Shirika la Afya Duniani huhesabu ugumba baada ya miezi 12 ya kukutana bila kinga pasipo mimba, nalo halisemi ni ugumba wa nani. Mazoea yetu ndiyo yanayomtwika mwanamke neno "tasa" kabla mumewe hajapimwa. Kumbe kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vyote: mwanamume hujizuia siku 2 hadi 7, hutoa shahawa kwenye kikopo safi, na maabara huhesabu mbegu na kutazama zinavyoogelea. Huko wanakokunywa maziwa mabichi, daktari aulizwe pia kuhusu brusela, ule ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba; kwa mwanamume huweza kuvimbisha korodani. Kwa mwanamke, kisonono au klamidia isiyotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi.

Basi kabla ya kuuza ng'ombe na kupanda basi Katesh kwenda Dar es Salaam, wawili hao waanze Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyopo tangu 1955, waulize vipimo gani vinafanyika hapo na vipi vinahitaji rufaa. Wengi hawatahitaji maabara ya Dar es Salaam kabisa. Ugonjwa ukitibiwa au siku za rutuba zikijulikana, mimba hutunga nyumbani. Mume aache sigara na kupunguza pombe mapema, kwa kuwa mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa. Mke aanze vidonge vya foliki asidi kabla ya mimba. Na wakae wazungumze: fedha zitatosha jaribio moja au mawili, likishindikana watafanya nini, na nani katika ukoo aambiwe. Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mama mkwe akishaambiwa mimba "imepandikizwa", kesho atauliza tumbo liko wapi.

Wahariri na madaktari, andikeni "utungishaji nje ya mwili". Na wewe mume unayesoma haya, siku mkeo atakapokwenda kupimwa, nenda naye, nawe upimwe.