Migongo ya Murongo

Ukiniuliza vita vilituletea nini hapa Bunia, Kongo, mimi niliyepakia mizigo uwanja wa ndege wa Murongo tangu ujana nitakujibu: mteremko. Ndege ya Antonov 26 hufunguka mkiani na kushusha ubao hadi chini. Humo tulisukumia magunia ya chumvi, katoni za sabuni, pikipiki. Na mzee mwenye kiti cha magurudumu aliingia kwa njia hiyo hiyo, kitini mwake. Juni 2003, baada ya Azimio 1484 la Umoja wa Mataifa, wanajeshi wa operesheni ya Artemis walioongozwa na Ufaransa walitua kutoka Entebbe kwa Transall na C-130. Nazo hufunguka nyuma. Ajabu yake, ndege zilizoundwa kubeba magari ya jeshi zilimfaa asiyetembea kuliko zilizoundwa kubeba abiria.

Maana za abiria zilikuja na ngazi zake. Let 410 ina ngazi fupi ubavuni. Cessna Caravan, mlango wa abiria una vipande viwili, cha chini ndicho ngazi, na ni chembamba. Kiti cha magurudumu hakipiti. Mgonjwa wa machela tulimwingiza kwa mlango mpana wa mizigo, lakini anayeweza kuketi alipanda mgongoni.

Kubeba mtu kuna ufundi wake. Unachuchumaa ukimpa mgongo: “Papa, shika mabega, usinikabe shingo.” Kitenge kinapitishwa chini ya mapaja yake, kinafungwa kifuani pako. Mwenzako anafuata nyuma, mikono tayari. Mlangoni unainama sana, kwa sababu ndani ya ndege ndogo husimami wima, na usipoangalia ni kichwa cha abiria kitakachogonga. Kisha unageuka na kumkalisha kinyumenyume. Mama mmoja alikuwa akifumba macho mpaka aketi. Hakuogopa kuanguka; aliona haya kubebwa na kijana mbele ya wakwe zake.

Tukishamaliza, jamaa walitoa matabisi, yaani bahashishi. Sikukataa, nilikuwa na watoto wa kulisha. Ila nilijua kwamba abiria mwenye miguu mizima alilipa tiketi tu.

Kwingineko jambo hilo lilishatungiwa sheria: Marekani ilikataza kwa sheria ubaguzi wa abiria walemavu ndegeni mwaka 1986. Ulaya iliamua mwaka 2006 kwamba msaada wanaopewa abiria hao wasiulipie, mwaka ule ule iliofungia anga yake karibu kampuni zetu zote za ndege. Kongo ilijiunga na mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na sheria yake yenyewe ilitiwa saini tarehe 3 Mei 2022. Wakubwa wakikaa kuitekeleza, watazungumzia mashine za kuinulia abiria, na bei yake itawachelewesha. Mimi ningeanza na matabisi: mshahara wa mbebaji ulipwe na anayeuza tiketi, na vijana wafundishwe kufunga kile kitenge.