Wakanada, Wakurya na utani: nani anacheka na nani?

Wiki hii historia imenipeleka Kanada na kunirudisha nyumbani Nyangoto bila nauli, maana bumu lenyewe halijatoka. Kwenye semina mhadhiri alituuliza: taifa linajijuaje kwamba ni taifa? Watu tukajibu bendera, wimbo, katiba, jeshi. Jamaa mmoja wa nyuma akasema "utani", darasa zima likaangua kicheko. Mhadhiri akasema hicho kicheko ndicho alichokuwa anakitafuta. Basi nimeshinda maktaba siku tatu na haya ndiyo niliyoyavuna.

Mtauliza kwa nini Kanada. Mtu yeyote wa Nyamongo atawajibu. Kwetu nchi hiyo tuliijua kwa jina la mwenye mgodi kabla hatujaiona kwenye ramani. Tukasikia ni ya watu wapole kuliko wote duniani. Nikataka kujua huo upole ni historia au ni kichekesho.

Kanada ilizaliwa tarehe 1 Julai 1867. Haikupigania uhuru wake msituni. Viongozi wa makoloni ya Mwingereza walikaa mezani, wakaandika, wakakubaliana. Ndiyo maana mambo yao ya kitaifa yalikwenda polepole mno. Bendera yao yenye jani jekundu la mti wa mepo ilipandishwa tarehe 15 Februari 1965. Wakati huo sisi tulikuwa na bendera tangu Desemba 1961, tena tulishaibadilisha baada ya Muungano. Wimbo wao wa taifa uliimbwa mara ya kwanza mwaka 1880 na ukafanywa rasmi mwaka 1980. Miaka mia nzima! Na mpaka mwaka 1982 sehemu kubwa ya katiba yao ilikuwa haibadilishwi bila Bunge la London. Yaani kwenye makaratasi, Tanganyika ni kaka yake Kanada.

Shida yao kubwa ni jirani. Wakanada wengi wanaishi karibu na mpaka wa Marekani, wengi wanazungumza Kiingereza kama Wamarekani na wanaangalia televisheni ya Wamarekani. Waziri Mkuu wao Pierre Trudeau aliwaambia Wamarekani mwaka 1969, akiwa huko huko Washington, kwamba kuishi nao ni kama kulala na tembo: hata awe mpole namna gani, akijigeuza tu unashtuka. Sisi wa Mara ambao tembo wa Serengeti wanatuingilia shambani tunaelewa hiyo lugha bila mkalimani. Ndani nako kuna Wafaransa wa Quebec, na kuna wenyeji wa asili waliokuwepo maelfu ya miaka kabla ya wote. Mwaka 1969 walipitisha sheria ya lugha mbili rasmi, na mwaka 1971 serikali ikatangaza sera ya tamaduni nyingi. Sasa Mkanada ni nani hasa?

Mwaka 1972 mtangazaji wao wa redio, Peter Gzowski, alitangaza shindano: wasikilizaji wamalizie msemo wa kumfananisha Mkanada na kitu, kama Wamarekani wanavyojisifia wao. Aliyeshinda ni binti mwanafunzi. Jibu lake, kwa Kiswahili chetu, ni kwamba mtu anakuwa Mkanada kadiri hali inavyoruhusu. Nchi nzima ikacheka na mpaka leo wanalikumbuka. Hapa chuoni tungesema: Mkanada kadiri bumu litakavyotoka.

Kumbe ndivyo wanavyojitambua, kwa kujicheka. Mwaka 1980 shirika lao la utangazaji lilitaka kipindi kimoja cha vichekesho kiongezewe dakika mbili zenye "mambo ya Kikanada". Waigizaji wakaona ni upuuzi, wakakaa na kofia za sufu wakinywa bia na kupiga soga za ovyo, kila sentensi ikiishia na "eh". Walikuwa wanaikejeli amri. Watu wakawapenda kupita kiasi, na wale walevi wawili, Bob na Doug McKenzie, wakawa alama ya taifa. Mwaka 2001 mchekeshaji Rick Mercer alienda Marekani kuwauliza watu maswali ya uongo kuhusu Kanada, nao wakajibu kwa kujiamini kabisa. Mdogo anamcheka mkubwa kwa kuwa mkubwa hamjui.

Maisha yao ya kila siku nayo yamejaa mambo hayo. Kahawa yao ya kawaida inatoka kwenye migahawa iliyoanzishwa mwaka 1964 na mcheza hoki, Tim Horton. Hoki ya barafuni kwao ni kama Simba na Yanga zikicheza kila wiki. Waliozaliwa zamani wanakumbuka bao la Paul Henderson dhidi ya Warusi mjini Moscow, Septemba 1972, zikiwa zimebaki sekunde 34. Sarafu yao ya dola moja ya mwaka 1987 ina picha ya ndege wa majini, watu wakaipa jina la utani kutokana na huyo ndege. Ilipokuja ya dola mbili mwaka 1996 wakaibandika jina la kufanania. Msicheke, sisi tuna jero, buku na msimbazi.

Halafu kuna hili la "samahani". Utani mkubwa kuhusu Wakanada ni kwamba ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anakuomba radhi. Nilidhani ni chumvi. Nikakuta kwamba mwaka 2009 jimbo la Ontario, ambalo mji wake mkuu ni Toronto, lilipitisha sheria inayosema mtu akiomba radhi, hilo si ushahidi kwamba amekiri kosa. Nilisoma mara mbili. Yaani wanaomba radhi sana mpaka wanasheria wakawatungia kinga! Liwekeni hilo akilini, tutalirudia.

Tugeukie kwetu. Utani wa Tanzania si vichekesho vya jukwaani, ni taasisi. Wanahistoria wanaueleza kwa njia za misafara ya karne ya 19, Wanyamwezi wakibeba pembe za ndovu toka Tabora hadi Bagamoyo na kupita katika nchi za watu. Mgeni anahitaji chakula, pa kulala, na akifa njiani anahitaji wa kumzika. Ukawekwa undugu wa kutukanana. Wengine walipigana kwanza, kama Wahehe na Wangoni, kisha vita ikageuka kuwa mzaha. Baadaye kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, vibarua wa makabila tofauti waliutumia utani huo kuishi pamoja. Mtani anaweza kuja msibani kwako, akalala pale mnapotaka kuchimba kaburi, akadai hela ndiyo ainuke. Anamwigiza marehemu mpaka wafiwa wanacheka na machozi. Lakini huyo huyo ndiye anapika, anachota maji na kushika jembe. Watafiti wameuandika sana, na miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya simulizi zake toka makabila mengi.

Kwa hiyo Mchaga anaambiwa anapenda hela, Mpare anaambiwa anapenda kesi, Mhaya anajisifu, na wote wanakaa meza moja. Mimi naona Kiswahili na shule za bweni zilizochanganya wanafunzi wa kila mkoa viliuchukua utani huo na kuufanya wa taifa zima. Hapo tunafanana na Kanada kidogo. Tofauti ni kwamba wao wanamcheka jirani wa nje na kujicheka wenyewe, sisi tunachekana humu humu ndani.

Na Mkurya je? Njia kuu za misafara zilipita mbali na Tarime. Kwetu utani mkubwa uko nyumbani: babu na mjukuu, na watu wa rika moja, esaro, waliotahiriwa pamoja. Mtu wa esaro yako anaweza kukwambia lolote na huna pa kumshtaki. Lakini utani wa taifa kuhusu sisi ni mwingine. Mkurya ana panga, Mkurya haombi, Mkurya ni askari, "mura" anapenda ugomvi. Waingereza waliandikisha vijana wengi wa Kikurya kwenye KAR, hasa Vita Kuu ya Pili, na baada ya uhuru wengi waliendelea jeshini na polisi. Nadhani hapo ndipo picha ilipopigwa, ikasafiri na kambi, mabasi na mabweni. Hapa hosteli kila mtu anataka niseme "kula" ili asikie "kura". Uchaguzi ukifika ndiyo usiseme.

Mimi sikasiriki, nacheka nao. Tena kuna jambo wachekaji hawalijui: Wakurya na Wakanada walikutana kabla ya dhahabu. Baada ya maasi ya Januari 1964 serikali iliunda JWTZ, na kuanzia 1965 hadi 1970 walimu wa kijeshi toka Kanada walikuja kulifundisha. Oktoba 1969 Mwalimu Nyerere, mtu wetu wa Mara, alikwenda Chuo Kikuu cha Toronto kupokea shahada ya heshima na kuhutubia. Baadaye wakaja na mashamba ya ngano Hanang, ambako Wabarabaig walipoteza malisho yao mazuri; upole ukaanza kuwa na maswali. Na wapo wa kwetu waliokwenda kwao. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka huo huo wa 1972 wa bao la Henderson, Kanada iliwapokea zaidi ya 6,000. Mwandishi M.G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam, akawa mshindi wa kwanza wa tuzo yao ya Giller mwaka 1994. Kwa hiyo sisemi upole wao ni uongo. Kuna watu uliwaokoa.

Sasa mgodi. North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Placer Dome ya Vancouver iliuchukua mwaka 2003, Barrick ya Toronto ikainunua Placer Dome mwaka 2006. Mwaka 2010 ukawa chini ya African Barrick Gold iliyosajiliwa London, mwaka 2014 jina likawa Acacia, mwaka 2019 Barrick ikaurudisha mikononi mwake, na serikali yetu ikapata asilimia 16 ndani ya ubia ulioitwa Twiga. Ukihesabu, mimi na mgodi ni esaro moja, na kwa mila nina haki ya kuutania: mwenzangu, umebadilisha majina mara nyingi kuliko mwanafunzi anayekwepa deni la kantini!

Ila kuna mahali mzaha unagoma. Mei 16, 2011 polisi waliwapiga risasi watu walioingia mgodini kutafuta mawe yenye dhahabu, wakafa wasiopungua watano. Waliokufa walikuwa vijana wa vijiji vyetu. Kesi za watu waliodai kuumizwa au kufiwa zilifika London, zikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2015. Nyingine ilifunguliwa Ontario mwaka 2022. Kampuni ilikana kuhusika, na Novemba 2024 mahakama ikaamua kwamba mahali pake pa kusikilizwa ni Tanzania. Mimi si mwanasheria. Ninachokiona mimi ni namna watu wanavyozungumza. Nimesikia kwa masikio yangu, hapa hapa chuoni, habari za vifo vya Nyamongo zikijibiwa kwa kicheko: "Wakurya bwana, hawaogopi risasi." Jamani, kila mtu anaogopa risasi.

Hapo ndipo nilipoelewa vichekesho vya mataifa haya mawili. Kichekesho cha Mkanada mpole kinampendeza Mkanada, naye anaweza kukitumia asiangalie kinachofanyika mbali na nyumbani. Hata ndani kwao, zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji walipelekwa shule za bweni ili wasahau lugha na mila zao. Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi bungeni Juni 2008. Radhi hiyo ilihitaji mashahidi na kesi za miaka mingi, haikuja yenyewe kama "samahani" ya dukani. Na kichekesho cha Mkurya mkali kinamfanya Mtanzania asituhurumie, maana mtu mkali anaonekana haumizwi. Mmoja kavalishwa upole, mwingine kavalishwa ukali, na nyuma ya mavazi hayo hakuna anayetazama sura.

Wazee waliotunga utani walikuwa na kipimo ambacho sijakiona kwenye televisheni ya Kanada wala kwenye makundi yetu ya simu. Haki ya kunicheka inalipiwa. Ukinitania leo, kesho nikifiwa unakuja na jembe. Asiyekuja msibani si mtani, ni mtu anayenicheka tu. Kipimo hicho kinafaa kwa rafiki zangu wa hosteli na kinafaa kwa Toronto pia.

Kwa hiyo nyie wa Bukoba, Moshi na Songea, endeleeni kuniuliza kuhusu kula na kura, nitawajibu kwa "mura" nzito. Lakini mkisikia jambo limetokea Nyangoto, ulizeni kwanza ni nani amekufa na ameacha nani. Kucheka tutacheka baada ya kuzika, kama watani.

Naishia hapa, kuna asaimenti ya saikolojia ya elimu inanisubiri na umeme wa hosteli hauna esaro na mtu. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.