Jukwaa la seva kwa michezo ya simu

Jukwaa la seva kwa michezo ya simu ni mfumo wa kompyuta unaohudumia mchezo wa video unaochezwa na watu wengi pamoja kupitia simujanja na intaneti. Mchezaji haoni jukwaa hili; anachokiona ni programu iliyo kwenye simu yake. Seva ndiyo inayotambua akaunti yake, inayomtafutia mpinzani wa kiwango chake na kutunza pointi na vitu alivyonunua.

Watengenezaji wa mchezo wanaweza kuandika programu ya seva wenyewe au kukodi jukwaa lililo tayari. Uamuzi huo hufanywa mapema, na kuubadilisha baadaye ni kazi kubwa, maana akaunti za wachezaji huwa zimeshafungamana na jukwaa lililochaguliwa.

Aina ya mchezo

Katika mchezo wa zamu, kama drafti au sataranji, hatua ikichelewa sekunde moja hakuna anayedhurika. Mbio za magari au mapigano ni jambo jingine: mahali alipo kila mchezaji lazima pajulishwe mara nyingi kwa sekunde. Michezo hiyo hutumia zaidi itifaki ya UDP, ambayo haisubiri pakiti iliyopotea itumwe tena kama ifanyavyo TCP. Photon, ya kampuni ya Exit Games ya Hamburg, Ujerumani, inajulikana kwa kazi hii. PlayFab, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2018, inajulikana zaidi kwa akaunti, maduka ya ndani ya mchezo na orodha za washindi.

Umbali wa seva

Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari mfupi kabisa, hivyo ujumbe kwenda na kurudi hauwezi kupungua milisekunde 75. Kwa kweli huzidi hapo, kwa sababu nyaya za baharini huzunguka pwani. Vijana wawili waliokaa benchi moja Mwanza wakicheza kupitia seva ya Ulaya, kila pigo lao husafiri hadi huko na kurudi. Johannesburg iko umbali wa takriban kilomita 2,500 tu kutoka Dar es Salaam. Microsoft ilifungua vituo vya data Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafuata mjini Cape Town mwaka 2020. Kwa mchezo unaolenga Afrika Mashariki, orodha ya mahali zilipo seva isomwe kabla ya orodha ya bei.

Udanganyifu

Mtu mjuzi anaweza kubadilisha programu iliyo kwenye simu yake. Simu ikiarifu kwamba mwenyewe ana sarafu 5,000 na seva ikakubali bila kuhoji, mchezo umeharibika kwa wote. Seva nzuri hupokea tendo la mchezaji tu, kisha huhesabu matokeo yenyewe. Jukwaa lisiloruhusu kuweka kanuni za mchezo upande wa seva halifai kwa mashindano.

Gharama na hatari ya kufungwa

Majukwaa mengine hutoza kwa idadi ya wachezaji walio mtandaoni kwa wakati mmoja, mengine kwa wanaocheza kila mwezi. Makadirio huweza kukosea sana: Pokémon Go ilipotoka mwaka 2016, Google ilieleza kwamba matumizi ya seva yalifikia mara 50 ya lengo.

Jukwaa la kukodi linaweza pia kufungwa. Parse, iliyohudumia programu za simu za kila aina, ilinunuliwa na Facebook mwaka 2013. Januari 2016 ilitangazwa kuwa itafungwa baada ya mwaka mmoja, na msimbo wa seva yake ukatolewa kama programu huria. GameSparks, iliyokuwa mali ya Amazon, ilifungwa mwaka 2022. Ndiyo maana wengine huchagua programu huria kama Nakama ya Heroic Labs, inayoweza kuwekwa kwenye seva yoyote. Hapo lakini lazima apatikane mtu wa kuamka usiku seva inapozimika, na mshahara wake haumo katika orodha ya bei. Anayekodi anapaswa kuangalia kwanza kama data zote za wachezaji, pamoja na utambulisho wa akaunti, zinaweza kuhamishwa.