Fyuzi, Breka na Ethi: Kila Mlinzi na Hatari Yake

Tarehe 4 Septemba 1882, kituo cha Thomas Edison katika Mtaa wa Pearl, New York, kilianza kuwauzia wateja umeme. Fito za shaba zilipita ndani ya mabomba ya chuma chini ya barabara hadi kwenye ofisi za Wall Street. Kwenye saketi za kituo hicho viliwekwa vipande vifupi vya waya laini wa risasi iliyochanganywa na madini mengine. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, shaba haiyeyuki mpaka ifike 1,085. Mkondo ukizidi, kipande kile hukatika kwanza na kuinusuru saketi nzima. Edison alikuwa amekwisha kuipatia hataza mbinu hiyo mwaka 1880.

Hofu ya wakati huo ilikuwa moto. Mwaka huohuo wa 1882, jijini London, chama cha wahandisi wa simu na umeme kilitoa kanuni zake za kwanza, na hata jina lake lilitaja kuzuia moto unaoletwa na taa za umeme. Mtu kupigwa shoti lilikuwa jambo la pili.

Waliosukuma mambo mbele walikuwa watu wa bima. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, makumi ya maelfu ya taa zilifungwa katika majumba yaliyojengwa haraka kwa mbao na plasta. Kijana mmoja fundi wa umeme, William Henry Merrill, alipelekwa kukagua nyaya kwa niaba ya makampuni ya bima. Mwaka uliofuata alianzisha maabara ya kupima vifaa, ambayo leo inajulikana kwa alama ya UL. Mwaka 1897 Marekani ikapata kanuni moja ya taifa ya ufungaji wa nyaya, baada ya miaka ya kila chombo kuwa na sheria zake.

Swali moja liligawa wataalamu: je, waya mmoja wa umeme uunganishwe na ardhi, yaani ethi, kwa makusudi? Wapo waliosema huko ni kuukaribisha moto, na miaka ya 1890 watu wa bima wa New York walipinga. Jibu lilitokana na transfoma. Koili ya msongo wa maelfu ya volti ikigusana na ile inayolisha majengo, volti hizo zote huingia kwenye taa na swichi za watu. Waya mmoja wa koili hiyo ya majengo ukiwa umefungwa ardhini, mkondo hupata njia ya kurudi, fyuzi hukatika, mambo yanakwisha. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1913 ililifanya hilo kuwa lazima kwa saketi nyingi za msongo mdogo.

Tatizo la fyuzi lilikuwa binadamu. Ikikatika usiku, mwenye duka hana akiba, basi Mmarekani alichomeka sarafu ya senti moja mahali pake, na kwingineko watu walisokota waya wowote uliokuwa karibu. Taa zikawaka, ulinzi ukawa umeondoka. Mwaka 1924, mjini Mannheim, Ujerumani, kampuni ya Hugo Stotz ikapata hataza ya breka ndogo ya kurudishwa kwa kidole. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili. Kipande cha metali mbili zilizoshikamana hupinda polepole mzigo ukizidi, na koili ya sumaku huvuta kwa ghafla shoti inapotokea. Breka za leo madukani bado zinafanya kazi hivyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, breka nazo zikaonekana kuwa na upofu wake. Majengo makubwa ya biashara ya Marekani yalihamia mfumo wa volti 480, wenye volti 277 kati ya waya mmoja na ardhi. Msongo huo unatosha kuufanya mwale wa umeme uendelee kuruka kutoka kwenye bamba la shaba hadi kwenye kabati la chuma lililofungwa ethi. Mwale wenyewe huzuia mkondo usipande sana, kwa hiyo breka kuu ya ampia 3,000 huuona kama mzigo wa kawaida wa jengo. Huku shaba inageuka mvuke na kabati zima linayeyuka. Baada ya makabati mengi kuteketea hivyo, kanuni ya mwaka 1971 ikadai swichi kuu za mfumo huo, kuanzia ampia 1,000, ziwe na kifaa cha kulinganisha mkondo unaotoka na unaorudi. Tofauti ikizidi kiwango, kuna unaopotelea ethi, na swichi hujikata.

Hesabu hiyohiyo ilikuwa imekwisha kutumika kumlinda mtu. Katika miaka ya 1950 Henri Rubin alitengeneza vikata umeme vya aina hiyo kwa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Huko Berkeley, Marekani, profesa Charles Dalziel alipima kwa watu waliojitolea ni mkondo kiasi gani humfanya mtu ashindwe kuachia waya, na mwaka 1961 akabuni kifaa kinachokata kwenye miliampia 5.

Afrika Mashariki ilirithi njia ya Waingereza. Mombasa na Nairobi zilianza kupata kampuni za umeme mwaka 1908, na baadaye ikaja plagi ya pini tatu bapa ya kiwango cha mwaka 1947, yenye fyuzi ndani. Pini ya ethi ni ndefu kuliko zile nyingine, hutangulia kugusa na ndiyo hufungua vifuniko vya matundu mengine mawili. Ndiyo maana mwenye chaja ya pini mbili huchokonoa tundu la juu kwa kalamu. Chaja ya plastiki yenye kinga maradufu haihitaji ethi, tundu ndilo linaloumia. Friza la duka ambalo waya wake wa ethi umekatwa ni jambo jingine: waya wa moto ukigusa bodi, mkondo hauna pa kwenda, na breka haikatiki hata mteja anaposhika mlango. Kifaa cha kulinganisha mkondo cha miliampia 30, kama kimefungwa, hukata hapo kwa sehemu ndogo ya sekunde.